Palipoandikwa Mkwe, Pasomwe Mpwa

Jumanne, 1 Juni 1954

Mvua imefika leo saa nne asubuhi. Hakimu Delorme alikuwa anasoma hukumu ya kesi ya mbuzi, nami nimesimama ubavuni pake nikingoja zamu yangu ya kuisema kwa Kimalayalam, lugha yetu, mara vigae vyote vya mji wetu wa Mayyazhi vikaanza kuvuma kwa pamoja. Hakimu hakunyamaza. Niliona midomo yake ikienda tu. Alipomaliza akanigeukia, nami nikawatangazia watu hukumu ambayo sikuisikia: mbuzi arudi kwa mwenyewe. Wote wawili, mdai na mdaiwa, wakatoka wameridhika.

Nimeanza daftari hili kwa sababu Devaki, mke wangu, amechoka na minong'ono yangu. Anasema mtu aliyesema maneno ya watu wengine kwa miaka ishirini na sita lazima awe na yake yaliyolundikana mahali.

"Yaandike, baba Saroja," aliniambia. "Daftari halina uji jikoni unaolingoja."

Alhamisi, 3 Juni

Mvua.

Jumamosi, 5 Juni

Imekuja barua kutoka kwa wakubwa wa Kifaransa huko Pondicherry. Hakuna aliyesema neno "kuondoka", lakini mahakama imeagizwa igawe majalada mafungu mawili: yatakayopanda meli na yatakayobaki. Barabara ya Thalassery imefungwa mpakani tangu miezi iliyopita na polisi wa Muungano wa India, na mchele unavuka mto kwa vichwa vya watu. Kila jioni vijana wanapita na mabango ya kuwataka Wafaransa waondoke, mvua inayafuta maandishi, kesho yake wanaandika upya.

Pappan, tarishi wetu, aliyahesabu masanduku yaliyoletwa, akacheka peke yake.

"Miaka mia mbili na thelathini na tatu," alisema, "na wanaondoka na masanduku kumi na manane. Shangazi yangu alihamia ng'ambo ya mto na mengi kuliko hayo, na yeye alikuwa mjane."

Nilipokuwa mdogo, baba yangu, aliyekuwa mkalimani kabla yangu kama baba yake kabla yake, alikuwa na hadithi yake ya jinsi Wafaransa walivyokuja. Walikuja kutafuta pilipili manga, alisema, na mtu wa kwanza waliyemhitaji pwani hii hakuwa askari wala mpishi, alikuwa mtu kama sisi. Chifu akasema, "Kaeni." Mkalimani akatafuta neno la Kifaransa la kukaa, akapata lile la kukaa moja kwa moja. Ngome ikajengwa juu ya neno hilo, baada ya ngome ghala, baada ya ghala kanisa, shule, mahakama, bendera. Baba aliisimulia kama utani. Sijui kama ni kweli, na nadhani hata yeye hakujua. Ila leo, nikiyapanga majalada kwa miaka, nimejiona nakunja kitu kilichofunguliwa na mtu wa kazi yangu.

Jumatano, 9 Juni

Chirutha alileta kamba leo. Hakuna upande huu wa mto anayesokota kamba za usumba kumshinda, na Hakimu ameagiza masanduku yote yafungwe kwa kamba zake. Aliziangusha kizingitini, akaukamua ushungi, akaniangalia.

"Kaka Anandan, umekonda. Au maneno ya Wafaransa yamekuishia?"

"Yamebaki machache, dada."

"Basi yatumie vizuri. Usije ukabakiwa na moja kooni likakupalia."

Anamtania kila mtu hivyo. Hakuwa na maana yoyote. Lakini niliugonga wino kwa kiwiko ukamwagika mezani, na Pappan akaufuta kwa soksi ya Hakimu iliyokuwa inakauka dirishani.

Acha niliandike, maana kusema kweli ndilo lililoniletea daftari hili.

Mwaka 1928 nilikuwa na miaka ishirini na minne na mwezi mmoja wa kazi. Mwashi Pokkan, mtu aliyejenga nusu ya kuta za mji huu, alikuwa anakufa katika nyumba aliyojijengea mwenyewe kule juu, yenye mfenesi mlangoni. Nilikwenda na mthibitishaji wa wasia. Kwetu mali ya mwanamume huwafuata watoto wa dada yake, si wanawe, lakini kile alichochuma kwa mikono yake anaweza kumpa amtakaye. Mzee akasema nyumba ni ya marumakal wake.

Sasa, lugha yetu ina ubahili fulani. Mtoto wa kike wa dada yako ni marumakal. Mke wa mwanao naye ni marumakal. Mpwa na mkwe, neno moja. Mzee alikuwa nao wote wawili chini ya paa lile: Chirutha, mpwa wake, msichana wa miaka kumi na tisa, na Matha, mke wa mwanawe. Chirutha alikuwa ameteremka mtoni kufua. Matha alikuwa amekaa kando ya kitanda, kikombe cha uji mkononi, akimpepea mzee. Mimi nikamtazama Matha, nikaandika mkwe.

Nimejitetea miaka yote kwamba ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele ya macho yangu. Si kweli yote. Kwa Kifaransa mkwe wa kike huitwa "binti mzuri", na mimi nilikuwa nimejifunza neno hilo wiki ileile, na nilikuwa nimelipenda. Nilitaka kulitumia.

Siku tatu baadaye mzee akafa. Wasia ukasomwa. Chirutha na mama yake wakashuka na sufuria zao hadi kibanda cha kando ya mto. Watu walisema lazima msichana alimkosea mjomba wake. Mama yake alinijia akaniuliza, "Kaka yangu alimnyima mwanangu kwa kosa gani?" Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Baba yangu alikuwa mkalimani mkuu, amekaa chumba cha pili, anasikia. Nikamjibu, "Mama, mimi nilitafsiri tu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lingekuwa limepona.

Na sasa hakimu wa Kifaransa anaondoka. Watakaokuja hawatasoma Kifaransa, au watasoma kwa kutafuta kamusi. Neno langu lisiposahihishwa kabla meli haijang'oa nanga, litakaa pale hadi karatasi iliwe na mchwa, na Chirutha atakufa akidhani mjomba aliyemlea alimtupa.

Jumamosi, 12 Juni

Mvua. Nilikula dagaa na muhogo. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 15 Juni

Nilipita kule juu, mwavuli mkononi, kama ninavyopita kila siku kwenda kazini. Matha alikuwa amesimama langoni. Sasa ni mjane, binti yake ameolewa Kozhikode, na anaishi peke yake katika vyumba vitano. Ni mwanamke wa maneno ya kuhesabika. Sijawahi kumpenda, na nimejua siku zote kwamba simpendi kwa sababu kumpenda kungeniharibia hesabu.

"Bwana mkalimani," alisema, "chukua fenesi hili umpelekee Chirutha. Usiseme limetoka kwangu."

Anafanya hivyo kila msimu, kwa mkono wa huyu au yule. Kuna mfenesi mmoja tu Mayyazhi wenye harufu ile, kwa hiyo siri yenyewe haina maana. Nilidhani siku zote ni makombo ya mwizi anayetaka usingizi. Nililibeba hadi mtoni, likaniloweshea bega kwa ulimbo.

Chirutha alilinusa tu, akamwita jirani. "Njoo, ng'ombe wako ana bahati leo."

"Miaka yote hujawahi kulionja?" nilimuuliza.

"Nilipanda kokwa yake na mjomba," alisema. "Mimi nilichimba, yeye akafukia. Nitalilaje kwa kuletewa kama maskini?"

Jumapili, 20 Juni

Leo tukimenya vitunguu, Devaki alinitupia neno kwa upole kana kwamba anasema chumvi imekwisha.

"Unazungumza usingizini. Miaka yote. Kwa Kifaransa."

"Nasema nini?"

"Nitajuaje? Mimi sijui Kifaransa. Lakini naijua sauti ya mtu anayeomba radhi."

Nikaendelea kumenya. Machozi ya vitunguu ni kitu cha msaada mkubwa.

Alhamisi, 24 Juni

Mto umepanda. Mji unaelea. Ukisimama dirishani mwa mahakama huoni mahali maji yanapoishia na mawingu yanapoanza, na mashua ya mvushaji inapita katikati, haijulikani imeshikwa na nini. Mchana nilisinzia juu ya jalada, nikaota mto umeingia chumba cha kumbukumbu taratibu, bila ghasia, ukafungua jalada la 1928 na kulilamba neno moja tu, ukatoka.

Nilipoamka, kweli paa lilikuwa linavuja juu ya rafu hiyohiyo. Nilikimbia. Jalada la 1927 limeloa, la 1929 limeloa. La 1928 kavu kabisa. Nikalifungua. Wino wangu unang'aa, mwandiko umelala vizuri, herufi kubwa zina mikia. Nilikuwa na mwandiko wa kijana anayejipenda.

Jumatatu, 28 Juni

Nilikwenda kwa Hakimu nikiwa nimepanga sentensi zangu zote. Nikamwambia paa linavuja. Akasema anajua.

Ijumaa, 2 Julai

Nyumba za Wafaransa zinafungwa moja baada ya nyingine. Mmoja ameacha bafu lake la chuma ufukweni, halikuingia kwenye mashua. Limejaa mvua hadi ukingoni, na bata wawili wamelihamia. Watu wanatembea taratibu siku hizi, wanasema kwa sauti ya chini, hata wale wa mabango. Ni kama nyumba yenye mgonjwa ambaye kila mtu anataka afe na hakuna anayetaka kuwa chumbani siku hiyo.

Jumatano, 7 Julai

Mvua, na baada yake mvua.

Jumapili, 11 Julai

Bendera haikauki. Ziko mbili, moja hupandishwa asubuhi na nyingine hutundikwa barazani mwa mahakama ikauke, na kwa wiki tatu hakuna iliyokauka. Pappan ameanza kuipepea kwa jalada.

"Wangekwenda kiangazi," alilalamika. "Nani anaondoka na nguo mbichi?"

Nilimuuliza kama atasikitika. Akafikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Nitaikosa kazi ya kuikausha," alisema. "Wao wenyewe, sijui. Miaka thelathini wananiita Papa, yaani baba kwa Kifaransa chao. Ukimwita mtu Papa kila siku, mwisho wake anaanza kukuonea huruma kama mwanawe."

Jumatano, 14 Julai

Sikukuu ya Wafaransa, ya mwisho hapa. Walikuwa saba uwanjani, na masista wawili, na mimi, na Pappan na bendera. Waliimba chini ya miavuli. Kutoka mpakani tulisikia watu wa upande wa pili nao wakiimba wimbo wao, mvua ikazichanganya nyimbo mbili, na kwa kitambo ukasikika mmoja.

Hakimu alinialika chumbani kwake tunywe kahawa. Kila kitu kimefungwa isipokuwa vikombe viwili. Alinishukuru kwa miaka yangu. Akasema hajawahi kufanya kazi na mkalimani mwaminifu kama mimi.

Hapo nikalia. Sikupanga. Mtu mzima wa miaka hamsini, kikombe mkononi. Nikamweleza yote: Mwashi Pokkan, uji, pepeo, neno zuri.

Alisikiliza hadi mwisho. Ana tabia ya kuwaondoa sisimizi mezani kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, bila kuwaua, na aliendelea kufanya hivyo.

"Katika lugha yenu," aliuliza, "mpwa na mkwe, tofauti yao ni ipi?"

"Kwa neno, hakuna, Bwana Hakimu."

"Basi ulikosea nini?"

"Nilikosea kwa lugha yenu."

Aliweka kalamu chini. Akaniuliza ninajuaje mzee alimkusudia mpwa. Nikamwambia kulikuwa na nusu ya pili ya sentensi, ambayo mthibitishaji alinikataza kuiandika kwa sababu alitaka wasia uwe mfupi, na tangu siku ile haijawahi kutoka kinywani mwangu kwa lugha yoyote. Nikamwambia nusu hiyo. Nitaiandika hapa nikishamwambia Chirutha mwenyewe, si kabla.

Hakimu aliichukua tena kalamu. Kisha akasema, "Mashahidi wengine wamekufa?"

"Yuko Matha. Lakini ndiye atakayepoteza nyumba."

"Basi sitakuuliza alisikia nini," alisema. "Lete jalada kesho asubuhi. Nitasahihisha neno. Lakini ujue, Anandan: keshokutwa mahakama hii haitakuwepo. Sahihi yangu itakuwa mwandiko tu wa mzee mmoja."

"Wangu pia ulikuwa mwandiko tu," nilimwambia.

Alhamisi, 15 Julai

Aliandika pembezoni mwa ukurasa kwa herufi ndogo, kama wanavyosahihisha wao, bila kugusa neno lenyewe. Akatia sahihi na tarehe. Mhuri ulikuwa ndani ya sanduku la sita, limepigiliwa misumari na kufungwa kwa kamba za Chirutha. Pappan aliivuta kamba, akaizungusha, akajaribu meno.

"Fundo la mwanamke huyu halifunguki kwa sababu ya kisheria," alisema. Ukabaki hivyo, bila mhuri.

Niliinakili ile nyongeza kwenye karatasi, nikaiweka kifuani chini ya shati, nikashuka mtoni. Chirutha alikuwa amekaa mlangoni anasokota. Nilikaa juu ya makumbi. Nikamwambia nimemletea karatasi ya mahakama kuhusu wasia wa mjomba wake, na kwamba mimi ndiye niliyeukosea mwaka ule, na leo umesahihishwa. Mikono yake haikusimama.

"Soma," alisema.

Nilifungua karatasi. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiingoja sentensi hii. Nikaanza kuitafsiri kama ninavyotafsiri kila kitu, bila kufikiri, jicho kwenye Kifaransa na ulimi kwenye Kimalayalam: "Palipoandikwa marumakal, pasomwe marumakal."

Nikakwama. Nikarudia kimoyomoyo. Hapakuwa na njia nyingine ya kuisema.

Chirutha aliacha kusokota. "Rudia."

"Palipoandikwa marumakal... pasomwe marumakal."

Alianza kucheka. Alicheka hadi akashika mlango. "Kaka Anandan. Na hilo ndilo mlilofanya siku nzima? Ndiyo maana wanafukuzwa."

Nikacheka na mimi, nikiona aibu, machozi yananitoka. Kisha nikakunja karatasi, nikamwambia kwa maneno yangu mwenyewe, kwa kuwa ya mahakama yalikuwa yamekwisha.

"Ni wewe, dada. Mjomba alisema wewe. Mimi nikamwandika Matha. Na alisema zaidi, nami sikuandika. Alisema: nyumba ya juu na mfenesi wake ni vya marumakal wangu, maana yeye hana pa kurudi."

Hakuna wa kwetu asiyeielewa sentensi hiyo. Mke wa mtu anapo pa kurudi siku zote, ni kwa mama yake. Matha anao ukoo wake ng'ambo ya mto hadi leo. Lakini nyumba ya ukoo wa Chirutha ilichukuliwa na mafuriko ya mwaka ishirini na nne, kuta, ghala na taa ya mungu. Asiyekuwa na pa kurudi alikuwa mmoja tu.

 Usumba ulikuwa umejifungua mkononi mwa Chirutha, na hakuukusanya.

"Mama alikufa akiniuliza nilimfanya nini mjomba," alisema. "Nikawa natafuta. Nilikumbuka siku niliyovunja mtungi. Nikakumbuka siku niliyomjibu vibaya. Kila mwaka nilipata kosa jipya."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa lugha yetu, kwa sauti, mchana. Hakuniambia amesamehe. Aliniambia, "Kesho utakwenda nami kule juu. Utasimama pale ulipokuwa umesimama."

Ijumaa, 16 Julai

Bendera ilishuka asubuhi. Nilikuwepo, na sikuona mengi, maana nilikuwa natazama kule juu, kwenye ile nyumba. Pappan aliikunja ikiwa mbichi, akaikabidhi, akabaki ameinua mikono kidogo kama mtu aliyepokonywa mtoto. Watu walipiga kelele, fataki zikakataa kuwaka kwa unyevu. Hakimu Delorme alinishika mkono kabla hajaingia mashuani. Aliniambia kitu, upepo ukakichukua. Nikamjibu, "Na wewe pia." Mashua ikaenda kwenye meli, meli ikaenda kwenye ukungu, na wakati ukungu ulipofunguka palikuwa na maji tu. Bata walikuwa bado ndani ya bafu.

Leo pia ni mkesha wa Karkidakam, mwezi wa njaa na mvua mbaya kuliko zote. Kila nyumba inafagiwa hadi pembe za mwisho, na jioni taka, mkeka uliochanika, chungu kilichopasuka na ufagio uliozeeka vinatupwa nje ya lango, kumfukuza mama wa nuksi na kumkaribisha mama wa heri. Tulipofika kule juu, Matha alikuwa ameinama uani, ufagio mkononi, mvua inamchuruzika mgongoni. Mfenesi ulikuwa umebakiwa na fenesi moja juu kabisa.

Chirutha alisimama nje ya lango. Hakuligusa. Mimi niliingia hatua mbili, nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani nikakosa lugha.

Matha aliinua uso. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaona karatasi.

"Umechelewa, bwana mkalimani," alisema.

"Matha, ule wasia..."

"Naujua. Nilikuwa nimekaa pale, nimeshika uji. Baba mkwe hakuwahi kuniita marumakal hata siku moja. Tangu nilipoingia nyumba hii aliniita Matha. Marumakal alikuwa mmoja."

Mvua ilinyesha juu yetu sote watatu.

"Mbona hukusema?" niliuliza. Nasikitika kwamba ni mimi niliyeuliza swali hilo.

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mume mlevi na mimba. Mtu wa serikali ameandika jina langu kwa Kifaransa. Ningesema nini, na kwa nani? Kwako?" Aliushika ufagio kwa mikono miwili. "Mwaka wa kwanza niliogopa mtu atakuja kuuliza. Mwaka wa kumi nikaogopa hatakuja. Wewe ulipita hapa kila siku na mwavuli wako. Kila siku nilisema, leo ataingia."

Nilidhani miaka yote namjua mwizi wa nyumba ile. Tulikuwa wawili, na mmoja wetu alikuwa akisimama langoni akingoja kukamatwa.

Kisha akamwita, bila kupandisha sauti. "Chirutha. Chumba chako cha mashariki hakijalaliwa. Nimekifagia leo pia. Mimi kesho nitavuka kwa ndugu zangu."

"Kesho ni Karkidakam," Chirutha alisema kutoka nje. "Nani anahama Karkidakam? Unataka nuksi?"

"Basi mwezi ukiisha."

"Mwezi ukiisha tutaona."

Giza lilikuwa linaingia. Nyumba za jirani zilianza kumwita mama wa heri, moja baada ya moja kuteremka hadi mtoni. Matha alikusanya taka zake kwenye mkeka, akauvuta hadi langoni, akaurusha nje. Kikafuata chungu. Mwisho akainua ufagio wa zamani, akasema kwa sauti kubwa kuliko yote niliyowahi kuisikia kwake, "Nuksi, toka!" na ufagio ukanipiga kifuani, juu ya karatasi.

Sijui kama alinilenga. Nilikuwa nimesimama njiani.

Nilitoka. Nilitoka kinyumenyume hadi nje ya lango, ufagio mikononi, matope shatini, nikiwa nimehukumiwa kwa lugha ninayoielewa. Chirutha alinipisha.

"Heri, ingia," Matha alisema.

Na Chirutha akaingia.

Jumamosi, 17 Julai

Mvua. Devaki anasema nimelala bila kusema neno. Adhuhuri Chirutha alituletea nusu ya lile fenesi la mwisho, akasema nusu nyingine wameshaimaliza yeye na Matha. Fenesi la wakati huu ni maji matupu, halina ladha hata kidogo. Tulilila lote.